Mstari wa Madumu ya Njano

Bi Aisha anasema alimwona Shaibu kwa macho yake akivuka mstari. Anasema ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kuchomoza vizuri, yeye yuko uani anaanika dagaa, akainua kichwa na kumwona yule kijana anaruka madumu ya njano kama mtu anayeruka mtaro, pweza mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Anasema walinzi walimwita mara tatu, tena kwa heshima, "Kaka Shaibu, rudi." Anasema Shaibu akawatukania mama zao, mmoja baada ya mwingine, kisha akawaendea na kisu. Na hapo, anasema Bi Aisha, wale vijana nao ni binadamu, wana damu mwilini, wangefanya nini?

Aliyasema hayo siku ya tatu ya matanga, nje ya mlango, anamenya muhogo na wanawake wenzake. Mastura, mdogo wa marehemu Shaibu, alikuwa ndani kwenye mkeka, mdomo wa juu umeshonwa nyuzi nne, jino moja la mbele halipo. Kati yake na Bi Aisha palikuwa na pazia tu, akasikia yote. Alikuwa amesikia pia jana yake, kisu kilipokuwa bado tishio tu mdomoni mwa Shaibu na siyo mkononi, na juzi yake, kisu kilipokuwa hakijatajwa kabisa. Akaona kisu kinakua.

Aliona na jambo jingine. Ukisimama uani kwa Bi Aisha huoni mwamba. Unaona mikoko, na juu ya mikoko unaona bati la shule, basi. Hata hivyo Mastura hakutoka kumkatalia. Alisoma mpaka darasa la saba akaishia hapo, kama wengi wa Nambuo, na tangu shuleni alikuwa mtu wa kutazama sana na kusema kidogo. Kazi yake ya kuchokoa pweza ilitaka watu wa namna hiyo. Pweza hajifichi vizuri kama anavyodhani. Hufagia mlango wa shimo lake, hupanga vijiwe na magamba ya kaa mlangoni, na mwenye haraka hupita hapo akiona jiwe tu. Mastura hakupita. Kwa hiyo alikaa kwenye mkeka akalihifadhi kila neno la Bi Aisha, akingoja lipate kazi.

Maana yeye alikuwepo mwambani. Shaibu hakuvuka mstari. Mstari ndio uliomvuka Shaibu.

Mambo yalianzia kwenye mkutano, chumba cha darasa la tano, kwenye madawati ya watoto, kijiji kizima kimebanana humo. Walikuwa wanakubaliana kuufunga mwamba wa nje kwa miezi mitatu ili pweza wapate kukua, kama vijiji vya jirani upande wa Mnazi Bay walivyofanya. Mwamba wa ndani, ule wa karibu na nchi kavu, ungebaki wazi kwa wenye shida zao za kila siku. Bwana mmoja aliyekuja na karatasi kutoka mjini alikuwa na neno moja alilolipenda. Dedilaini ya kufunga tarehe fulani, dedilaini ya kufungua tarehe fulani, atakayepita dedilaini ameharibu jasho la wote. Alilisema mpaka Mzee Shafii, aliyekaa mbele na bakora yake, akainua mkono.

"Bwana mgeni, samahani. Hiyo dedilaini ni mdudu gani?"

Watu wakacheka. Mgeni akacheka pia, akamtupia macho Mwalimu Mikaeli amsaidie. Mwalimu Mikaeli ni mtu wa bara, anafundisha Kiingereza pale shuleni mwaka wa sita sasa, na maneno anayapenda kama wengine wanavyopenda mpira. Akasimama, akajipangusa chaki.

"Mzee wangu, dedilaini ni siku ya mwisho, au saa ya mwisho. Nikisema mtihani unakusanywa saa sita, hiyo saa sita ndiyo dedilaini. Mjini wanaishi nayo, ofisini hawalali kwa ajili yake. Lakini umeuliza mdudu gani, na kweli zamani alikuwa mdudu. Kwa Kiingereza chenyewe ni mstari wa kifo."

Vichwa vikainuka. Mwalimu akapata moto.

Akawasimulia kwamba Wamarekani waliwahi kupigana wenyewe kwa wenyewe, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, wakawatia mateka wao kwenye boma la magogo, jua linawapiga, mvua inawapiga. Ndani ya boma, hatua chache kabla ya kufika ukutani, wakapigilia fito fupi, za kufika kiunoni tu. Mtoto angeweza kuziruka. Huo ndio ulikuwa mstari. Mfungwa akiugusa, hata akinyoosha mkono tu chini yake, askari aliyeko juu ya kibanda anampiga risasi. Hamwiti, hamwonyi, haandiki popote.

"Na mwisho wake ndio mbaya zaidi," alisema Mwalimu. "Zile fito zilioza. Nyingine wafungwa wenyewe wakaziiba wakapikia. Mstari ukawa hauonekani tena, umebaki kichwani kwa askari tu. Mfungwa mgeni anaingia leo, anakwenda kuchota maji, hajui hili wala lile, anaanguka. Baadaye sana, vita vimekwisha, watu wa magazeti wakalichukua neno lile wakalifanya saa ya mwisho ya kuleta habari. Damu ikaoshwa, likabaki neno la ofisini."

Wengine wakaguna, wengine wakasema hao Wazungu nao. Lakini Twahiru, mwenyekiti wa kikundi cha kulinda mwamba, alikuwa ameinamia mbele kama mtu aliyeonyeshwa dawa. Ni mtu mpana, sauti yake haihitaji kipaza.

"Mwalimu, umesema kweli tupu," alisema. "Tatizo la hapa Nambuo ni kwamba tarehe hawaiogopi. Tarehe ni kitu cha ukutani. Mstari wataogopa. Sisi risasi hatuna, lakini miti ya mikungurungu ya kuchongea marungu tunayo."

Watu wakacheka tena. Shaibu, aliyekaa kando ya Mastura, akapaaza sauti, "Mwenyekiti, ukinifikia mimi unipige taratibu, posa yangu haijajibiwa." Kicheko kikazidi, na Twahiru mwenyewe akacheka, akamnyooshea kidole. Mwalimu Mikaeli hakucheka. Mastura alimwona anafungua mdomo, anaufunga, anakaa.

Twahiru alikuwa ameichukua hadithi nusu. Ile nusu ya fito zilizooza aliiacha palepale kwenye madawati.

Walifunga mwamba wiki iliyofuata. Karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa ofisi ya kijiji ilisema mpaka ni mawe kumi na mawili yaliyozamishwa kwa mstari. Twahiru na kijana wake, Mustafa, wakayapeleka kwa mashua maji yakiwa yamejaa. Kila jiwe likafungwa kamba ndefu, na kwenye kila kamba likafungwa dumu la njano la mafuta ya kula, ili mstari uonekane kutoka mbali. Kamba walizipa urefu wa kutosha madumu yasizamishwe na maji ya bamvua, yanapojaa kuliko siku zote.

Hapo ndipo lilipo kosa, na kosa lenyewe ni la wanaume. Wanaume wa Nambuo wanaijua bahari kwa juu, wakiwa kwenye chombo. Mwamba maji yakiwa yametoka, nani anautembea? Wanawake, na wachache kama Shaibu waliofundishwa na mama zao. Maji yakipwa, kamba ile ndefu haina tena kina cha kuila. Inalegea. Maji yanayotoka yanaliburuta dumu kuelekea nje mpaka kamba ikaze. Maji yakigeuka kuingia yanalinyanyua na kulirudisha, yanalipitisha juu ya jiwe lake, yanalipeleka upande wa nchi kavu mpaka kamba ikaze tena. Jiwe halijasogea hata kidole. Dumu limetembea.

Mastura alilipima kwa miguu yake siku tatu za bamvua, bila kumwambia mtu. Hatua ishirini na tano, toka mwisho wa nje mpaka mwisho wa ndani.

Siku ya nne akamfuata Twahiru pwani, mahali wanapouzia samaki. Mwalimu Mikaeli alikuwepo, amekuja kununua samaki aina ya changu, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, binti."

"Madumu yanatembea. Maji yakigeuka yanaingia ndani ya mwamba wetu. Mtu anaweza kuwa anachokoa mahali pa halali, akiinua kichwa dumu liko nyuma yake. Naomba tufuate mawe, kama karatasi inavyosema. Au kamba zifupishwe."

Twahiru akawatazama wachuuzi waliomzunguka, kama anayewaalika kwenye karamu. "Mnamsikia? Mimi nimezaliwa mashuani, leo darasa la saba ananifundisha bahari." Akamgeukia. "Jiwe nani analiona? Dumu linaonekana. Mstari ni dumu. Dumu likija, wewe ondoka. Likija mpaka jikoni kwako, hama jiko."

Wakacheka sana hapo. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti, lakini anachosema kina maana," na Twahiru akamjibu bila kumtazama, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetupa dawa, usitukataze kunywa." Mwalimu akapokea samaki wake akaondoka.

Mastura akamwambia Shaibu nyumbani. Shaibu akasema atakuwa anatazama jiwe. Ndilo alilofanya, maskini. Alitazama jiwe.

Siku yenyewe maji yalitoka sana. Saa tatu asubuhi mwamba ulikuwa mkavu, vidimbwi vinang'aa, madumu yamelala nje kabisa kama ng'ombe waliochoka. Shaibu alikuwa hatua nne upande wa ndani wa jiwe la saba. Mastura analijua jiwe hilo kwa sababu alikuwa amelifunga kipande cha kanga chekundu kwa ajili hiyohiyo. Shaibu alikuwa amelala kifudifudi, mkono wote umeingia shimoni mpaka begani, anabembelezana na pweza mkubwa aliyeng'ang'ania mwamba. Mastura alikuwa upande wa nchi kavu, mbali kidogo, anatunga wale waliokwisha kupatikana.

Maji yakageuka. Mwanzoni yanakuja kama jasho, unaona vidimbwi vinaungana tu. Kisha Mastura akaliona dumu la saba linatikisika, linasimama, linaanza kuja. Likapita juu ya kanga nyekundu. Likapita pembeni ya miguu ya Shaibu. Likampita na kichwa. Aliita. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukamrudishia jina la kaka yake usoni.

Mashua ilikuwa imekwisha kutokea kwa nje, watu wanne ndani, Twahiru amesimama mbele. Mastura aliona anavyonyoosha mkono. Hakuna aliyeita "Kaka Shaibu." Hakuna aliyeita lolote, mpaka Mustafa aliporuka majini na kafi, na hapo Twahiru akapaaza ile sauti yake isiyohitaji kipaza: "Dedilaini! Dedilaini hiyo!"

Pigo la kwanza lilimpata Shaibu kisogoni akiwa bado amelala, mkono shimoni. Hakuweza kuinuka. Pweza alikuwa amemshika ndani, yeye amemshika pweza. Wakamkamata miguu wakamvuta, mkono ukachomoka na ngozi ikabaki kwenye mwamba, na pweza akatoka naye amejiviringa mpaka kwenye kiwiko. Shaibu akageuza uso, akasema, "Jamani, jiwe lile pale," akanyoosha ule mkono wenye pweza. Mustafa akaupiga huohuo. Mastura alisikia mfupa. Ulilia kama ubao mkavu.

Pweza akitolewa hupigwa kwenye jiwe kabla hajapikwa, la sivyo huwezi kumtafuna. Mapigo arobaini, wengine hamsini, mpaka alegee. Mtoto wa Nambuo anajifunza kuhesabu kwa kazi hiyo. Na Mastura, anakimbia kwenye maji ya magoti, miguu inakatwa na mwamba, akajikuta anahesabu, bila kutaka, kwa sababu masikio yake hayakujua namna nyingine ya kusikia sauti ile. Rungu, rungu, kafi, rungu. Walimpiga yeye na pweza pamoja. Kumi na tisa, ishirini. Rungu moja lilikuwa na msumari. Wino wa pweza na damu vikachanganyika mpaka hujui kipi ni kipi. Walipofika ishirini na sita Shaibu alikuwa hajikingi tena. Walipofika thelathini na moja Mastura akafika.

Akamlalia. Hakuwa na jambo jingine la kufanya. Mustafa akamwambia, "Toka, dada, hii si yako," karibu kwa upole, na alipoona hatoki akamsukumia kafi usoni, kama mtu anayesukuma mashua itoke ufukweni. Jino likaingia kooni. Mastura akalimeza na damu yake, akaendelea kulala pale. Mwingine akampiga mgongoni mara mbili, mara ya tatu akasita. Kilichowaondoa hakikuwa yeye. Maji yalikuwa yamefika mapajani na mashua inagonga mwamba. Twahiru akasema, "Inatosha, ameelewa," wakapanda, wakaondoka.

Mastura alibaki na kichwa cha kaka yake juu ya maji. Alimshika kidevu kwa mkono mmoja, mwingine kwapani, akarudi kinyumenyume kuelekea nchi kavu, hatua kwa hatua, maji yanamsukuma kurudi nyuma. Jicho moja la Shaibu lilikuwa limezibwa na nyama. Lingine lilimtazama.

"Nilivuka?" aliuliza.

"Hukuvuka, kaka."

"Waambie."

Hakusema tena. Walipata pikipiki mpaka barabarani, halafu gari lililobeba korosho, na kituoni wakaandikiwa PF3. Shaibu alikata roho kabla ya kufika Mtwara, kichwa chake kimelalia magunia, ile karatasi ya polisi iko mapajani kwa Mastura, safi, haina hata tone. Alikuwa ameishika juu muda wote ili isichafuke.

Jioni ileile Mustafa akavuka mto kwa kivuko cha Kilambo, akaingia Msumbiji. Kesho yake asubuhi Twahiru akayang'oa madumu yote kumi na mawili, na mawe yake, na kipande cha kanga. Akasema ni kwa heshima ya msiba.

Afande Upendo, askari wa kike aliyeletwa kuandika maelezo, alikuja siku ya pili. Akakaa ofisini kwa kijiji, akawaita mmoja mmoja. Watu kumi na wanne wakasema Shaibu alivuka. Wengi wao siku ile walikuwa mashambani. Mastura akaitwa wa mwisho, akasema polepole kwa sababu ya nyuzi, akachora kwa kidole juu ya meza: jiwe hapa, kamba hii, dumu linakwenda, dumu linarudi. Afande alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo peke yake Mastura analikumbuka.

"Dada, nakuelewa," alisema. "Mimi mwenyewe nimezaliwa kando ya maji. Lakini nikienda leo nitaona nini?"

"Hutaona kitu. Wameyang'oa."

"Basi nina maneno ya watu kumi na wanne, na maneno ya mdogo wa marehemu. Wao wanasema ni wananchi wenye hasira, wamemkuta mwizi. Jalada likienda hivi litalala. Nani mwingine alijua kwamba madumu yanatembea? Nani asiye ndugu yako?"

Mastura akafikiri. Akasema, "Yupo mmoja."

"Aje kituoni Ijumaa. Baada ya hapo napeleka nilichonacho."

Siku mbili hazikupita. Mastura alikwenda kisimani mchana, na mke wa Twahiru na dada zake wawili wakamwagia maji yake chini mbele ya watu. Mmoja akamvua mtandio akaukanyaga kwenye tope. Mwingine akamshika taya kwa vidole viwili, akazibonyeza zile nyuzi mpaka zikatoa damu. "Kinywa hiki kinataka nini polisi?" alimuuliza. Bi Aisha alikuwepo, ndoo mkononi. Alitazama pembeni. Jioni akamletea Mastura ndoo ya maji, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Kesho yake akaendelea na hadithi, na sasa Shaibu alikuwa na visu viwili.

Mwalimu Mikaeli alikuwa amechukua ruhusa siku moja baada ya mauaji. Watoto wakasema yuko mjini, Shangani, kwa shemeji yake anayefanya kazi bandarini. Alhamisi asubuhi Mastura akaenda. Aliuliza nyumba kwa nyumba barabara ya ufukweni mpaka akamwona barazani, meza ndogo mbele yake, rundo la madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Marahaba, Mastura. Karibu. Karibu ukae. Pole sana, mwanangu. Pole sana." Akamwita mkewe, Modesta, alete chai. Akakiinua kiti, akakaa, akauona mdomo wake, akaangalia madaftari.

"Nimekunywa, Mwalimu. Nimekuja na jambo moja."

"Sema."

"Afande anataka mtu asiye ndugu yangu. Aliyesikia nikimwambia Twahiru kwamba madumu yanatembea, na aliyesikia Twahiru akijibu mstari ni dumu. Ulikuwepo. Ulikuwa umeshika kikapu."

Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nilikuwepo," alisema. "Mastura, tangu siku ile silali. Nasema, kwa nini sikunyamaza na hadithi yangu? Mzee Shafii aliuliza maana tu. Ningemwambia ni siku ya mwisho, nikakaa. Nilitaka nini na magereza ya Wamarekani?"

"Sikuja kwa sababu ya hadithi."

"Lakini neno lile niliwapa mimi. Nimesikia Twahiru alikuwa analipiga kelele."

"Alilipiga kelele, ndiyo. Angeweza kupiga kelele neno lolote, rungu lingekuwa lilelile." Mastura alizungumza taratibu, kila neno linamuuma. "Hadithi yako niliisikia yote, Mwalimu. Sijui kama kuna mwingine aliyeisikia yote. Ulisema fito zilioza, mstari ukabaki kichwani kwa askari, na mgeni akauawa hajui ulipo. Mwenyekiti alikuwa darasani. Aliisikia na sehemu hiyo. Halafu mimi nikamfuata pwani nikamwambia ndiyo hiyo inayotokea hapa. Alijua mara mbili. Hilo ndilo nataka liandikwe. Na lile la marungu, alilisema mbele yako."

Modesta akaleta chai vikombe viwili. Akasikia hilo la mwisho, akabaki amesimama na sinia. "Baba Tumaini," alisema, "si umesema barua ya uhamisho inatoka mwezi ujao?" Modesta akamgeukia Mastura, akamwambia bila ukali, "Dada yangu, sisi hapa hatuna ukoo. Twahiru ana watu kutoka Nambuo mpaka mtoni. Nyumba ya mwalimu haina hata komeo la maana. Wewe umelipwa kafi, na wewe ni mtoto wao. Sisi watatulipa nini?"

"Najua, mama," alisema Mastura. Alijua kweli. Alikuwa amelifikiria njia nzima, tangu kwenye vumbi la Nambuo mpaka kwenye lami ya mjini, na hakupata jibu la kumpa mtu mwenye watoto.

Modesta akaweka chai mezani, akaingia ndani. Mlango akauacha wazi.

Barabarani msichana alipita na beseni la maandazi, akawaita, akaendelea na njia yake. Mwalimu alishika kikombe, akakiacha.

"Shaibu alisema neno lolote?" aliuliza.

"Aliniuliza kama alivuka."

Mwalimu akafumba macho.

"Nikamwambia hukuvuka. Akasema niwaambie." Mastura akatoa kwenye pindo la kanga yake karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya madaftari ya watoto. Ilikuwa na jina la Afande Upendo, namba yake ya simu, na saa. "Mimi nimekwisha kuwaambia. Kwangu hawaandiki ninachosema, wanaandika mdogo wa marehemu amesema. Wewe ukisema wataandika Mwalimu amesema. Sikuombi useme zaidi ya ulichosikia. Usiseme Shaibu alikuwa mtu mwema. Usiseme hakuvuka, hukuwepo mwambani. Sema ulichosikia darasani na ulichosikia pwani, basi. Kisha uhamisho wako ukija uende salama, na mimi nitakuombea."

Mwalimu alikuwa anaisoma ile karatasi kama mtu anayesoma maandishi madogo sana. Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi mwake, ncha imegusa daftari la mtoto mmoja, na pale ilipogusa wino ulikuwa unaanza kutanuka.

"Ni kesho, Mwalimu," alisema Mastura. "Saa nne. Utakuja?"

Ndani ya nyumba sauti ya vyombo ilikoma. Mwalimu Mikaeli akatazama upande wa bahari, mahali ambapo maji yalikuwa yametoka na mwamba wa Shangani umeanza kuonekana. Mastura akakaa vizuri kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akangoja.